Hisabati Haichagui Mvulana Wala Msichana

Mwalimu aliyenifunza Hisabati katika shule ya msingi alikuwa na desturi moja. Hesabu ngumu ilipoandikwa ubaoni, aliwaita wavulana kuifanya. Wasichana aliwaita kufuta ubao. Sikuliona kosa hilo wakati ule, kwani hata nyumbani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mimi nilipoketi kufanya hesabu zangu za jioni, dada yangu alikuwa mtoni au jikoni. Matokeo ya mtihani yalipotoka, wazee walisema eti msichana hana kichwa cha hesabu. Hakuna aliyeuliza alikuwa akizifanya saa ngapi.

Miaka imepita, nami sasa ni mwalimu, lakini kauli hiyo ningali naisikia katika majilisi ya walimu. La kusikitisha zaidi ni kwamba wasichana wenyewe huikariri kama kwamba ni sheria ya maumbile.

Lau udhaifu huo ungekuwa wa kuzaliwa, ungeonekana kila mahali kwa kiasi kile kile. Sivyo ulivyo. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2003, wavulana waliwashinda wasichana katika nchi nyingi, lakini kule Iceland wasichana ndio waliotia fora. Nchini Oman, katika mtihani wa TIMSS wa mwaka 2011, wasichana wa darasa la nane waliwaacha wavulana mbali sana. Iceland na Oman hazifanani kwa dini, mila wala hali ya hewa. Basi tatizo haliko katika ubongo wa msichana. Liko katika mazingira anamolelewa na kufundishwa.

Maneno nayo yana nguvu zake. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1999, wanawake walioambiwa kwamba mtihani wa hesabu ulikuwa umedhihirisha tofauti baina ya wanaume na wanawake walianguka nyuma ya wanaume. Walioambiwa kwamba mtihani huo huo haukuwa na tofauti hiyo walienda sambamba nao. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Walimu wenzangu, tujichunguze. Ni nani tunayemwita ubaoni? Mvulana akikosea tunamwambia ajaribu tena. Msichana akikosea, mbona tunamwonea huruma na kumwita mwingine? Huruma ya aina hiyo ni dharau iliyovikwa nguo nzuri. Nanyi wazazi, gawanyeni kazi za jioni kwa haki, kaka naye aoshe vyombo.

Kwako mwanafunzi wa kike, usikubali kuchaguliwa somo na methali za watu. Dada yangu huuza nafaka sokoni, na hupiga hesabu za magunia, mikopo na faida bila kalamu. Kichwa alikuwa nacho tangu zamani. Alichonyimwa ni chaki.