Kabla ya mkulima wa Newala kusema “tumekubali”

Siku ya mnada wa korosho, Newala huamka mapema. Wakulima hufika kwa miguu na kwa bodaboda, mchanga wa uwanda wa Makonde ukiwa bado kwenye viatu, na kabla ya jua kuwaka viti vimeshajaa. Kwa miaka mingi macho yote yalikuwa kwenye sanduku. Barua za wanunuzi zilifunguliwa moja moja, yakasomwa kwa sauti jina la kampuni, tani inazotaka na bei kwa kilo. Tangu msimu wa 2024/2025 macho yamehamia kwenye skrini, kwa sababu mnada sasa unaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kuweka dau akiwa Dar es Salaam, Mumbai au Ho Chi Minh City.

Swali la mwisho halijabadilika. Bei ikishajulikana, wakulima huulizwa: mnakubali au mnakataa?

Swali hilo lina uzito kuliko mtambo wowote. Tatizo ni kwamba mkulima hulijibu akiwa na taarifa chache mno kuliko mtu aliyeweka dau. Mnunuzi amekuja na hesabu yake kamili, wakati mkulima amekuja na kumbukumbu ya bei ya mwaka jana. Vyama vikuu vya TANECU, kinachohudumia Tandahimba na Newala, na MAMCU, kinachohudumia Masasi, Nanyumbu na Mtwara, vina wajibu wa kuziba pengo hilo. Kuhamia mtandaoni peke yake hakulizibi.

Jambo la kwanza ni ubora. Hesabu ya mnunuzi huanzia kwenye punje. Mpima ubora huchota sampuli kwenye magunia, anakata korosho moja moja katikati, kisha anatenga punje nyeupe na nzima, zenye madoa, zilizosinyaa na zilizooza. Anapima uzito wa punje njema na kukokotoa ratili zitakazopatikana katika gunia la kilo 80. Biashara nzima ya korosho ghafi duniani huongea kwa kipimo hicho. Chukua mfano wa maghala mawili: moja lina korosho zinazotoa ratili 50 kwa gunia, jingine ratili 54. Tofauti hiyo ni asilimia 8. Kama za kwanza zinastahili shilingi 4,000 kwa kilo, za pili zinastahili kama shilingi 4,320, kabla hata ya kuzungumzia unyevu na ukubwa wa mbegu.

Mkulima aliyepuliza salfa kwa wakati dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, akaokota kila siku na kuanika vizuri, ndiye aliyezizalisha ratili hizo nne za ziada. Zisipoonekana katika orodha ya mauzo, mnunuzi hana sababu ya kuzilipia.

Tena kutokujua humfanya mnunuzi ashushe dau kwa hofu. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield waliandika juu ya minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Waliona kwamba mshindi wa mnada mara nyingi ni yule aliyekadiria utajiri wa kitalu kupita kiasi, akajikuta amelipa zaidi ya thamani yake. Hali hiyo ikaitwa laana ya mshindi. Tangu hapo kila mnunuzi mzoefu hujikinga: asipokuwa na hakika na mali, hupunguza dau. Paul Milgrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2020 pamoja na Robert Wilson kwa kazi yao juu ya minada, alieleza upande wa pili wa jambo hilo. Kwa kawaida, muuzaji anayetoa taarifa za kweli kuhusu mali yake hupata bei nzuri zaidi, kwa kuwa anawaondolea wanunuzi hofu. Kwa korosho za Masasi na Newala maana yake ni nyepesi: kila fungu linalopelekwa kwenye mtandao liende na vipimo vyake, ghala kwa ghala.

Jambo la pili ni namna ya kuzisoma bei zenyewe. Baada ya kila mnada hutangazwa “bei ya juu” na “bei ya chini”, na bei ya juu ndiyo inayopaa kwenye simu na vijiweni. Mnunuzi mjanja analijua hilo. Anayehitaji mzigo mkubwa anaweza kuweka dau kubwa kwenye tani chache ili ajihakikishie chochote, halafu akaweka dau dogo kwenye tani nyingi akisubiri kuona kama litapita. Tuseme tani 100 zimeuzwa kwa shilingi 4,200 kwa kilo na tani 900 kwa shilingi 4,000. Anayesikia bei mbili hizo hudhani wastani ni 4,100. Wastani halisi, ukipimwa kwa tani, ni 4,020. Kwa mkulima mwenye tani moja, tofauti kati ya alichodhani na alichopata ni shilingi 80,000, na hapo makato ya mjengeko wa bei, yaani tozo na gharama zinazoondolewa kwenye bei ya mnada, hayajaguswa. Ugomvi mwingi kati ya wakulima na viongozi wa AMCOS, vyama vyao vya msingi vya ushirika, ungeweza kuepukwa kama hesabu hiyo ingeandikwa ubaoni kabla ya watu kuulizwa wanakubali au la.

Jambo la tatu ni saa ya kufunga. Minada ya mtandaoni imefanyika duniani kwa miongo mitatu sasa, na wakusanyaji wa stempu, sarafu na vitu vya kale wameijua kwa undani. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha mwaka 2002 utafiti uliolinganisha minada ya eBay na ya Amazon ya wakati huo. Kwenye eBay mnada ulifungwa saa iliyopangwa bila kusogezwa. Wazoefu wakawa wananyamaza hadi sekunde za mwisho, ndipo wanaweka dau, mwenzao asipate nafasi ya kujibu. Kwenye Amazon, dau lililoingia dakika za mwisho lilisogeza mbele muda wa kufunga, na mtindo huo ukawa mdogo sana. Bidhaa zilikuwa za aina ile ile, ila kanuni moja ilibadilisha tabia. Kwa hiyo kanuni ya kufunga mnada wa korosho isomwe mkutanoni kama ajenda nyingine, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mkulima aulizwe maoni yake juu yake.

Wapo wanaolikumbuka sanduku kwa mapenzi, na sababu yao ni ya haki: barua walikuwa wanaiona ikifunguliwa. Hata hivyo sanduku lilimlazimu mnunuzi, au mtu wake, kulifuata hadi uwandani. Mtandao umeondoa gharama hiyo, na kadiri washindani wanavyokuwa wengi ndivyo kila mmoja anavyoogopa kuweka dau dogo la kubahatisha. Imani iliyokuwa kwenye karatasi inaweza kurejeshwa kwa kuonesha madau yote, yaliyoshinda na yaliyoshindwa. Mkulima akiona kwamba dau la pili lilikuwa shilingi 5 tu chini ya la kwanza, atajua ushindani ulikuwa mkali. Akiona wameshindana wawili tu na wameachana mbali, atakuwa na sababu ya kukataa.

Na kukataa si mchezo. Oktoba 2018, baada ya msimu ambao bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000, wakulima wa Tandahimba na Newala waliletewa bei ambazo hazikufika 3,000. Wakasema hapana. Novemba 12 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia Kusini kubeba mzigo. Bei ilikuwa bora kuliko iliyokataliwa, lakini uhakiki wa wakulima na mashamba ulichukua muda, na wengi walisubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Ada za shule hazikusubiri.

Kenya nayo ilijaribu njia yake katika mnada wa chai wa Mombasa. Julai 2021 iliwekwa bei ya kukatalia, yaani kiwango cha chini kabisa cha kuuzia, ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo inayosimamiwa na shirika la chai la KTDA. Baadhi ya chai ilinunuliwa vizuri, lakini nyingi ililala maghalani kwa kuwa wanunuzi hawakuona ubora unaolingana na bei hiyo. Bei ya kukatalia ni silaha nzuri ikitokana na hesabu ya soko na ubora wa fungu husika. Ikiwa namba moja kwa mali zote, inamzuia muuzaji mwenyewe.

Mkulima wa Kusini ana turufu ambayo wengi hawaihesabu. Korosho za Tanzania na Msumbiji huvunwa kuanzia Oktoba, wakati mavuno ya India, Vietnam na Afrika Magharibi yanakuja miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Viwanda vya Asia vinahitaji mali mpya wakati huo, ndiyo maana minada ya mwanzo huwa na joto. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kadiri Desemba inavyosogea, mvua hulowesha mbegu, unyaufu unakula uzito ghalani, na wanunuzi wanaanza kutupia jicho mavuno ya Afrika Magharibi. “Hapana” ya Oktoba ina nguvu ambayo “hapana” ya Januari haina. Mwenye madeni ya kangomba, yaani mauzo ya mapema nje ya chama, hana hata ya Oktoba, kwa sababu mali yake ilishakwenda kabla ya kufika chamani.

Msimu ujao, kuanzia mnada wa kwanza na kabla ya wakulima kuulizwa, kila AMCOS ya Masasi na Newala inaweza kubandika karatasi moja kwenye mlango wa ghala: ratili na unyevu wa fungu, idadi ya wanunuzi walioweka dau, madau yote na tani zake, wastani uliopimwa kwa tani, makato yote ya mjengeko wa bei, na kiasi kitakachoingia kwenye akaunti ya mkulima kwa kila kilo. Namba hizo zipo kwenye mtandao na kwenye vitabu vya chama, na kuzikusanya pamoja ni kazi ya karani mmoja kwa saa moja. Mikono ikinyooshwa baada ya hapo, kukubali au kukataa, itakuwa imenyooshwa na watu waliosoma hesabu ile ile aliyokuja nayo mnunuzi.