MJI WA KAMPANI NA JASHO LA WATU

Leo twataka kusema juu ya mji mdogo ulio mbali sana nasi, lakini habari zake zamhusu kila mtu alaye kwa jasho lake. Mji huo uliitwa Maxville, katika wilaya ya Wallowa, jimbo la Oregon, Marekani.

Nchi ile ilikuwa ya watu wa Nez Perce, waliolazimishwa na jeshi kuihama mwaka 1877. Mwaka 1923 kampani ya mbao ya Bowman-Hicks kutoka Missouri ikajenga mji msituni, ili ikate miti na kuyachukua magogo kwa reli. Iliwaleta wafanyakazi Wazungu na weusi, wengi kutoka majimbo ya kusini. Siku ile weusi walipofika, katiba ya Oregon ilikuwa bado na kifungu cha kuwakataza wasikae humo. Sheria kuu ya Marekani ilikwisha kukitangua, lakini wenyeji hawakukifuta mpaka mwaka 1926.

Watu wapatao 400 walikaa Maxville. Weusi walipewa nyumba upande wao, watoto wao wakawa na shule yao, na hata timu za besiboli zilikuwa mbili. Lakini mji ulipocheza na miji mingine, timu hizo ziliunganishwa zikawa moja. Twauliza: watu walioweza kushinda pamoja uwanjani, walizuiwa na nini kusoma pamoja darasani?

Mwaka 1933, biashara ya mbao ilipoanguka duniani, kampani ilifunga kazi. Ardhi, nyumba na reli vilikuwa mali yake. Watu waliotoa nguvu zao kwa miaka kumi hawakuwa na hata kiwanja cha kudai. Wengi wakahama, wachache wakabaki, na theluji nzito ya mwaka 1946 ikaangusha mengi ya majengo yaliyosalia.

Habari yote ingefukiwa hapo. Lakini Bi Gwendolyn Trice, binti wa mkata magogo mweusi wa Maxville, alijua akiwa mtu mzima kwamba baba yake alifanya kazi pale. Akawatafuta wazee, akakusanya masimulizi na picha, na mwaka 2008 akaanzisha taasisi ya kuyahifadhi. Mwaka 2022 taasisi hiyo ikanunua ekari 96 za mahali pale pale. Leo jina la mwenye ardhi ni la wale ambao baba zao waliishi juu yake kama wapangaji.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yatupasa kila tawi liwaendee wazee waliofanya kazi mashambani, migodini na kwenye viwanda vya mbao, liandike majina yao na kazi zao wangali hai. Tena tuulize mapema, kabla mwajiri hajafunga mlango: hati ya ardhi hii ina jina la nani?