Katavi isije ikawa kisiwa



Tangu chuo kifunguliwe naulizwa swali moja tu: likizo yote ulipotelea wapi, mbona simu haipatikani? Nilikuwa Rubondo, kisiwa kilichoko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, kwa mjomba wangu anayefanya kazi ya ufundi huko. Wiki saba! Nilikwenda kupumzika, nimerudi na hoja. Naomba niitoe leo kabla bumu halijatoka, maana likitoka tu hakuna atakayepita hapa kusoma, hehe.

Kwanza niwape picha. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Hakuna kijiji, hakuna bodaboda, hakuna chipsi mayai. Asubuhi unaamshwa na kelele za ndege, usiku kiboko anatoka majini kuja kula nyasi nyuma ya nyumba, kwa hiyo ukibanwa haja usiku unajipanga kwanza. Nzohe, yule swala anayependa matete na majimaji, nilimwona mpaka nikamzoea. Siku za mwanzo nilikuwa napiga picha kila kinachotikisika. Wiki ya pili simu ikakaa mfukoni, nikaanza kuangalia. Na ukishaangalia sana unaanza kuuliza.

Swali langu lilikuwa hili: wanyama wote hawa walifikaje huku, na pande zote ni maji? Jibu ni kwamba wengi waliletwa. Kati ya 1966 na 1969 Frankfurt Zoological Society, wakati huo ikiongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, ilileta sokwe kutoka Ulaya, ambako walikuwa wakifugwa. Hawakupewa mafunzo yoyote. Waliachiwa msituni, wakajifunza wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota, na kizazi chao kipo mpaka leo. Tembo na twiga nao waliletwa. Faru weusi pia waliletwa, ila majangili wakawamaliza. Na watu waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa miaka hiyohiyo ya 1960. Hilo nalo tusilisahau tunaposifia uzuri wa pale.

Jioni moja nilimuuliza mjomba kama wale faru hawawezi kurudi. Akanijibu, "Mjomba, huku mnyama akiisha, ameisha. Hakuna atakayeogelea kuja kuziba pengo."

Jamani, hiyo kauli nimesafiri nayo mpaka Mpanda.

Maana nyumbani tuna hifadhi yetu, Katavi, tangu 1974, kilomita za mraba 4,471. Ukiiona kwenye ramani unasema hii haina shida, ni kubwa mno. Shida ni kwamba mpaka wa ramani tembo haujui. Yeye anajua njia: kutoka Katavi kupita misitu ya Wilaya ya Tanganyika kuelekea milima ya Mahale. Njia hiyo, ushoroba, ndiyo inayozibwa kidogo kidogo na mashamba ya mahindi, tumbaku na maboma ya ng'ombe. Siku ikizibwa kabisa, Katavi itakuwa kisiwa kama Rubondo. Tofauti ni kwamba Rubondo imezungukwa na maji, Katavi itakuwa imezungukwa na sisi.

Halafu kuna Mto Katuma. Ndio unaoingia hifadhini pale Sitalike, ndio unaonywesha viboko wa Katavi. Kiangazi maji yanapungua sana, wale viboko wanabanana kwenye tope mpaka wanatia huruma, migongo inapasuka kwa jua. Wageni wanapiga picha wakidhani ndiyo maajabu ya Katavi. Maajabu gani? Sehemu ya maji yale yamechepushwa huku juu kumwagilia mashamba kabla hayajafika Sitalike.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi ni mtoto wa mpunga. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye majaruba ya Mwamkulu, na maji ya majaruba yale ni ya Katuma huohuo. Kwa hiyo mtu akisimama hapa Mlimani na kusema "wakulima waondolewe", mimi siko naye. Rubondo walifanya hivyo, na hata hivyo faru waliisha. Ila nilipowaeleza nyumbani habari za viboko, baba alicheka akasema, "Mwanangu, umekwenda kusomea ualimu au kusomea viboko?" Hapo nako siko naye, kwa heshima zote. Mto ukikauka haukauki kwa viboko peke yao. Aliye chini ana mpunga pia, ana ng'ombe, ana watoto wanaosubiri ada kama nilivyosubiri mimi.

Msimamo wangu ni huu: tulime, lakini njia ibaki na maji yapite. Maji ya kiangazi yagawanywe kwa zamu, na zamu moja iwe ya mto wenyewe. Na kijiji kinachotunza msitu kipate kitu mkononi. Wala hii si ndoto. Wilaya ya Tanganyika vipo vijiji ambavyo vimeingia kwenye biashara ya hewa ya ukaa na Carbon Tanzania, vinalinda misitu ya Ntakata, na hela wanayopata wamejengea madarasa na zahanati. Ukimlipa mtu kwa kuacha mti umesimama, atakuwa mlinzi kuliko askari kumi.

Na sisi walimu watarajiwa? Tukienda TP tunafundisha mzunguko wa maji kwa mchoro wa bahari ambayo mwanafunzi wa Mpanda hajawahi kuiona. Mchore Katuma! Muulize mtoto mto unaanzia wapi, unapita shamba la nani, unaishia wapi. Akishajua hilo, siku akirithi jaruba la baba yake atajua mlango wa mfereji unafungwa lini na kwa nini.

Mnaopinga, uwanja ni wenu. Wasukuma na wafugaji wenzangu najua mna la kusema kuhusu ng'ombe, karibuni sana.

Nawasilisha.