Mahari Mbele ya Mahakama za Marekani

Mnamo Novemba 2010 wapiga kura wa jimbo la Oklahoma, kiasi cha asilimia 70, waliridhia katiba ya jimbo lao ibadilishwe ili mahakama zikatazwe hata kuitazama Sharia ya Kiislamu. Shauri lilipofika mahakama ya rufaa ya shirikisho, Januari 2012, watetezi wa badiliko hilo hawakuweza kutaja kesi hata moja ambamo mahakama ya Oklahoma ilihukumu kwa Sharia. Zuio lililokuwa limetolewa dhidi yake likathibitishwa, na Agosti 2013 likafanywa la kudumu.

Waislamu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mambo hayakuishia hapo. Majimbo mengine yalijifunza kutolitaja kabisa neno Sharia. Kansas ilitunga sheria yake mwaka huo huo wa 2012, ikapita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 120 bila hata moja ya kupinga. Sheria hiyo inazungumzia sheria za kigeni kwa jumla, na asiyejua chanzo chake angeiona haina madhara. Sisi tunauliza: ni nani hasa anayetiwa mashakani? Kwa maoni yetu, wa kwanza ni mwanamke aliyeachwa anayedai mahari yake.

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, inawaamuru waume wawape wake mahari yao. Ni mali ya mke mwenyewe; si ya baba wala ya mjomba. Mara nyingi sehemu hulipwa siku ya nikahi, na iliyobaki huahirishwa. Hiyo iliyobaki ni deni.

Mwaka 2002, katika jimbo la New Jersey, mume alidai kwamba mahakama ya serikali haiwezi kumlazimisha kutimiza jambo la dini. Jaji hakukubali. Alitazama filamu ya arusi, akaona maafikiano yakifanyika na mkataba ukitiwa saini kwa hiari, akaamuru dola 10,000 zilipwe. Alifuata njia iliyokubaliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1979 katika ugomvi wa mali ya kanisa huko Georgia: jaji aache mafundisho ya dini kando, aipime karatasi kwa kanuni zilezile zinazowahusu watu wote. Ni njia ya uadilifu, na haikumhitaji kadhi kukalia kiti cha jaji.

Njia hiyohiyo, hata hivyo, inakata pande zote mbili. Katika jimbo la Washington, mwaka 2010, mahakama ya rufaa ilitengua hukumu iliyompa mke mahari ya dola 20,000. Mkataba uliandikwa kwa Kifarsi, lugha asiyoweza kuisoma bwana arusi, naye alielezwa habari za mahari dakika 15 tu kabla ya kutia saini. Huko Kansas nako, mwaka 2012, mke aliyedai sarafu 1,354 za dhahabu alikataliwa. Mkataba wake pia ulikuwa wa Kifarsi, na jaji hakuridhika na ushahidi juu ya maana yake, tena alisita kutekeleza ahadi yenye sura ya dini.

Katika kesi ya Washington lawama haiwaangukii wabunge. Inawaangukia waliosimamia nikahi ile. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqara, inahusu kuandika madeni mbele ya mashahidi. Inakuwaje basi mtu aandike kwa uangalifu deni la gunia la mchele, na mahari ya binti yake aiandike kwa mstari mmoja, wageni wakisubiri pilau?

Wasomaji wetu wenye mabinti wanaoolewa Marekani wasingoje mabunge yabadilike. Mkataba uandikwe kwa Kiingereza pia, siku kadhaa kabla ya arusi. Utaje kiasi, wakati wa kulipa, na kwamba deni linabaki hata ndoa ikivunjika. Mwanasheria wa jimbo husika ausome. Nakala moja ikae mikononi mwa bibi arusi mwenyewe, si katika sanduku la baba yake.