Tundu ni la dakika moja, kupona ni kwa miezi

KAULI YA KISIWANI
Na Mwanaidi Shomari

Idi ikikaribia, saluni za Kilindoni hujaa wasichana, na siku hizi hawafuati hina na nywele peke yake. Huyu anataka kipini, yule hereni juu ya sikio, mwingine kitovuni, na wachache wanataka nyusi au ulimi. Wavulana nao wamo. Kazi yenyewe ni ya dakika moja: anajitazama kwenye kioo, anatabasamu, analipa, anakwenda zake. Kesho yake ni sikukuu, na sikukuu ya Mafia bila kuteremka pwani haijatimia. Tundu la jana linazamishwa baharini.

Simo miongoni mwa wanaosema kutoboa mwili ni mambo ya Wazungu. Bibi zetu wa pwani, kuanzia Lamu kushuka hadi Kilwa, walitoga masikio matundu kadhaa kuzunguka ukingo, na kwenye ndewe wakavaa majasi ya fedha au ya karatasi za rangi zilizokunjwa zikakazwa. Picha zilizopigwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 zinawaonyesha hivyo hivyo, masikio yamejaa mapambo. Kipini na hazama puani ni urembo wa Bahari ya Hindi nzima. Kusini kwetu, akina mama wa Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Kwa hiyo binti anayetaka hereni ya pili au ya tatu hajazua jambo. Lipi linafaa na lipi halifai kwa dini na kwa nyumba yake, hilo lina masheikh wake na wazazi wake. Langu mimi ni jingine: tumerithi tundu, lakini uuguzi wake tumeutupa.

Zamani kutoga kulikuwa na mwenyewe. Mtaa ulimjua bibi fulani mwenye sindano, na mtoto alipelekwa kwake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uzi ulipakwa mafuta ya nazi, ukapitishwa, ukafungwa kitanzi kidogo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila siku sikio liliogeshwa kwa maji ya vuguvugu. Uchungu ukiisha, uzi ulitolewa kikaingia kipande kifupi cha chelewa, baadaye viwili, kisha vitatu, mpaka tundu likazoea. Jasi lilikuja mwisho kabisa. Ndonya nayo ilianza na kijiti chembamba alichotiwa msichana mdogo, kikabadilishwa kwa kikubwa zaidi polepole, miaka na miaka. Sikio likitoa usaha, mama alijua mlango wa kugonga, na bibi yule hakuwa na pa kujificha, maana waliishi mtaa mmoja.

Wala si kila walichofanya kilikuwa salama. Sindano moja ilipita kwenye masikio ya watoto wengi. Uzi uliokwishatumika na majivu ya jikoni vingeweza kuleta pepopunda. Hayo tuliyaacha, na tulifanya vyema kuyaacha. Kosa letu ni kwamba tuliacha na subira.

Nimeliona sikio la binti mmoja wa mtaani kwetu, siku chache baada ya sikukuu. Sehemu ya juu ilikuwa nyekundu, inang'aa, imejitenga na kichwa. Kichwa cha hereni kilikuwa kimezama ndani ya nyama, kikabaki kishimo kinachotoa maji ya njano. Upande ule haulaliki. Nyumbani walikuwa wamejaribu spiriti, wakapaka dawa ya meno, wakampa amoksilini ya dukani, na kila jioni alipelekwa pwani akalioshe, kwa sababu sote tumelelewa tukiambiwa kwamba maji ya bahari yanakausha kidonda.

Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha, ndiyo maana hupona upesi. Sehemu ya juu ya sikio ni gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando mwembamba unaolifunika. Vijidudu vikiingia, usaha hukaa katikati, utando ukabanduka, gegedu likakosa chakula na kuanza kufa. Sikio likifikia hapo hujikunja na halirudi lilivyokuwa. Kijidudu kinachopatikana mara nyingi katika janga hili ni Pseudomonas, mkazi wa majimaji, na amoksilini haimtishi. Anahitaji dawa nyingine, inayochaguliwa na mganga aliyelitazama sikio lenyewe, na pengine usaha lazima utolewe kwa kisu. Kila siku inayopotea dukani au pwani ni kipande cha sikio.

Sasa niseme na wenzangu wa visiwani kuhusu bahari. Bahari hii ndiyo shamba letu na barabara yetu, lakini si dawa ya tundu bichi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Maji ya chumvi ya hospitali yana gramu 9. Yale makali huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Tena bahari ya joto kama yetu ina vijidudu vyake, mchanga wake, na taka za watu na vyombo. Mama wa Jibondo anayekwenda kwenye mwani, au dada anayechokoa pweza bamvua likifika, hawezi kusema atakaa mbali na maji kwa miezi. Basi achague wakati wa kutoboa: awe na wiki kadhaa za nchi kavu mbele yake, na hata baada ya hapo akitoka majini ajisafishe mara moja.

Maji ya kusafishia hayana gharama. Chemsha maji safi, pima kikombe kimoja, tia robo kijiko cha chai ya chumvi ya kawaida, acha yapoe. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, kisha osha tundu mara mbili kwa siku, na likaushe kwa kitambaa safi. Spiriti iache, inaua na nyama inayopona. Usizungushe hereni, maana kila ukiizungusha unachubua upya. Usibandue kigaga. Tundu likianza usaha, usichomoe hereni mwenyewe, kwa kuwa ngozi hufunga juu na uchafu ukabaki ndani. Nenda zahanati, au hospitali ya wilaya Kilindoni.

Kisha uhesabu muda. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8. Pua huweza kufika miezi 6. Gegedu la sikio na kitovu huweza kuchukua hata mwaka mzima, ingawa kwa nje panaonekana pamepona. Na yeyote ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kuota kovu nene linalozidi ukubwa wa jeraha, yaani keloidi, afikiri mara mbili. Ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota kovu hilo, na sikio ni mahali linapopapenda sana.

Wenye saluni, nanyi mna sehemu yenu. Kile kibastola cha plastiki hakitakasiki kwa mvuke, na kwenye gegedu kinaponda badala ya kutoboa. Tumieni sindano mpya kwa kila mtu, ifunguliwe mbele ya macho yake, na glavu mpya. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili, juu ya chuma au meza, kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga wa Tanzania mwaka 2002. Mteja aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga yoyote. Hereni ya kwanza iwe dhahabu halisi au titani, isiwe ya bati la rangi ya dhahabu lenye nikeli, madini yanayowawasha wengi.

Ninaiomba halmashauri yetu ya Mafia, kupitia maofisa afya wanaokagua migahawa na mabucha, ikague na meza hizi. Ninawaomba wazazi waulize swali moja kabla ya kutoa fedha: tundu hili likiharibika, nitamrudia nani? Asiye na jibu asiruhusiwe kugusa sikio la mtoto wako. Anayetoboa na awajibike mpaka tundu lipone, na anayetobolewa asiteremke baharini na tundu bichi.