Namba Moja, Matundu Mawili

Wahenga walinena, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Ndugu msomaji, boda boda unazoziona zikipita kwa madaha hapa Salgaa, katikati ya malori yaendayo Eldoret, nazo zimeundwa. Tena nyingine zaundwa vibaya!

Mwaka jana mjomba wangu, ambaye ndiye hunilipia pesa za chakula shuleni, alihitaji jeti kuu ya kabureta. Jeti ni kijisukurubu cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli kuelekea kwenye injini. Ile kuukuu iliandikwa 100. Akauziwa ya kampuni nyingine, nayo imeandikwa 100. "Namba ni namba, mzee. Funga tu uende kazi," muuzaji akamwambia.

Kufikia jioni, pikipiki ilitoa moshi mweusi kama lori linalopanda Sachangwan. Plagi ilijaa masizi, na petroli ikala mapato ya wiki mbili. Mimi nilikaa nyumbani siku nne kwa sababu ya kitundu kidogo kuliko kichwa cha pini.

Maoni yangu ni kwamba namba isiyotaja kipimo chake ni jina tu. Jeti kuu za Keihin kwa kawaida hupewa namba kwa upana wa tundu, hivi kwamba 100 ni milimita 1.00. Lakini zile za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupewa namba kwa kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Hebu tupige hesabu. Upana ukitoka 100 hadi 110, eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 21. Kwa jeti inayopimwa kwa mafuta, hatua hiyo hiyo ni asilimia 10 tu. Basi hata hatua hazilingani, sembuse namba!

Isitoshe, Nakuru ni takriban mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa sita. Pikipiki iliyotoka pwani ikija na jeti yake, itakunywa mafuta kupita kiasi. Hapo jeti ndogo zaidi ndiyo dawa.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzoefu hutambua kwa sikio. Sikatai, ila sikio bila plagi ni ushahidi nusu. Masizi meusi ni mafuta mengi. Weupe ni mafuta machache, na injini yaweza kuungua. Rangi ya kahawia ndiyo njema. Na wale wanaochokora jeti kwa waya, waache! Waya hupanua tundu, na namba iliyoandikwa hugeuka uongo.

Mjomba alipotafuta jeti ya kampuni ile ile ya kwanza, moshi ulikoma na mimi nikarudi darasani.

Wanafunzi wenzangu, tusidhani Fizikia na Hisabati ni za mtihani pekee. Ukitumwa spea, beba ile kuukuu mkononi, soma jina la kampuni kabla ya namba, kisha uulize, "Hii 100 ni ya nini?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na gharama yake hulipwa na mwingine.