Je, Mwanafunzi wa Torati Asishike Jembe?

Yako maneno yanayosemwa kwa ukali katika nchi ya Israeli: ya kwamba kijana wa Kiyahudi amchaye Mungu kazi yake ni moja tu, kuketi katika yeshiva, yaani chuo cha Torati, siku zote za maisha yake. Asilime, asichuuze, wala asiitwe jeshini. Wengine na wamlishe na kumlinda, maana ndivyo walivyofanya wazee tangu kale. Kupenda elimu ni jema, nami simlaumu apendaye kusoma. Walakini hayo ya "tangu kale" si kweli, na mashahidi ni wazee wenyewe.

Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu la Yerusalemi, makuhani wakakosa madhabahu. Rabi Yohanan ben Zakkai akawakusanya wanafunzi mjini Yavne, na tangu hapo masomo yakashika mahali pa sadaka. Walimu wa zamani zile walikuwa watu wa namna gani? Mmoja aliitwa Yohanan Mshona-viatu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwingine, Isaka Mhunzi. Hata Paulo, aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli, alishona hema, wala hakuona haya.

Kisha vyuo vikuu vikawa Babeli, nchi iitwayo leo Iraki, katika miji ya Sura na Pumbedita. Humo yalikusanywa mabishano ya walimu, yakawa Talmudi. Nanyi sikilizeni desturi yao. Mara mbili kila mwaka, mwezi wa Adari na mwezi wa Eluli, watu waliacha shughuli zao wakaja chuoni kwa wingi. Kitabu cha kusomwa kilikuwa kimetajwa mbele. Miezi mitano kila mtu alikisoma kwao, na mwezi wa sita wakakaa mbele ya mwalimu, wakaulizwa, nao wakauliza. Kisha wakarudi mashambani na madukani. (Talmudi hiyo hiyo yaagiza watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 40 apewe msaidizi. Walimu wenzangu watasoma neno hili mara mbili.)

Nisidhaniwe kwamba nayadharau masomo yenyewe. Wasemao kwamba humo hukaririwa kama kasuku hawajui kitu. Wanafunzi husoma wawili wawili, uso kwa uso, ukurasa mmoja kati yao. Katikati ya ukurasa ni maneno ya Talmudi. Upande mmoja ni maelezo ya Rashi wa Ufaransa, aliyekufa mwaka 1105. Upande wa pili ni ya wale waliomfuata, ambao mara nyingi humpinga, na baadhi yao walikuwa wajukuu wake mwenyewe! Huyu hujenga hoja, mwenzake huibomoa, na chumba chote huvuma kama soko. Anyamazaye ndiye asiyejifunza.

Basi desturi ya leo ilitoka wapi? Mwaka 1803 Rabi Hayyim alianzisha chuo huko Volozhin, katika Belarus ya leo, kikalishwa kwa sadaka zilizokusanywa mbali. Lakini kilikuwa cha vijana wateule, mia chache tu. Serikali ya Urusi ikakifunga mwaka 1892. Kisha katika vita vya pili vya dunia vyuo vya Poland na Lithuania vikaangamizwa pamoja na watu wake. Chuo cha Mir kiliokoka kwa kukimbilia Japani, na kutoka huko Shanghai. Kwa ajili ya mabaki hayo, mwaka 1948 Ben-Gurion alikubali wanafunzi 400 wasiitwe jeshini. Hiyo ilikuwa huruma, nayo ilistahili. Lakini mwaka 1977 mpaka wa hesabu uliondolewa, na kufikia mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 60,000. Mama mmoja amemzika mwanawe aliyekufa vitani. Wa jirani yake hajaitwa hata siku moja. Hiyo si huruma tena. Tarehe 25 Juni 2024 mahakama kuu ya Israeli, waamuzi tisa kwa sauti moja, ilikata kwamba hakuna sheria inayowaachilia.

Wapingao hukumu hiyo huwataja wazee. Haya, na wamtaje Maimonides, ambaye vitabu vyake husomwa katika vyuo vyao. Yeye alisoma akilishwa na ndugu yake Daudi, mfanya biashara, hata Daudi akazama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yote. Je, Maimonides alitembeza kikapu cha sadaka? Alishika uganga, akawa tabibu wa jumba la sultani huko Kairo. Akaandika waziwazi kwamba aazimiaye kusoma Torati bila kufanya kazi, akaishi kwa sadaka, amelitia unajisi Jina la Mungu. Alirudi nyumbani alasiri, ana njaa, akakuta ukumbi umejaa wagonjwa. Akala kidogo, akawatibu hata usiku. Na siku ya Sabato watu wa sinagogi walikuja kwake, wakasoma pamoja naye.